Mwendo wa Zamu Moja: Jinsi Kasi Ilivyoanza Kuhesabiwa

Mwalimu mwenzetu mmoja alipata kuwauliza wanafunzi wake swali jepesi: kutoka hapa shuleni mpaka sokoni ni umbali gani? Mtoto mmoja akasimama akajibu, "Ni mwendo wa nusu saa, mwalimu." Mwalimu akamwambia aketi, kwa kuwa ameulizwa umbali naye amejibu muda. Mtoto akaketi, na somo likaendelea. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma ya darasa siku hiyo hatukusema neno, ila swali moja lilitubakia moyoni: je, mtoto yule alikosea kweli?

Swali hilo si dogo kama linavyoonekana. Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili kandokando ya Ziwa Tanganyika, linagusa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni lugha. Wazee wetu husema "mwendo wa siku tatu", "mwendo wa mchana mmoja", nao huelewana vizuri. Je, usemi huo ni upungufu wa elimu, au una elimu yake ndani? La pili ni fizikia yenyewe. Kanuni ya kasi huandikwa ubaoni kwa mstari mmoja tu: umbali gawanya kwa muda. Wanafunzi huikariri, wakajibu mtihani, kisha wakaisahau. Lakini kanuni hiyo fupi iliwachukua wanadamu zaidi ya miaka elfu mbili kuifikia, na anayeijua safari yake hatakuwa mwepesi wa kumwambia mtoto aketi. Ndiyo sababu tumeona inafaa tuieleze hapa kwa ufupi.

ZAMU YA BAHARINI

Tuanze na neno lililo vinywani mwetu kila siku, yaani zamu. Twasema mlinzi ameshika zamu, wauguzi wamepokezana zamu, leo ni zamu yako kusoma. Neno hili ni ndugu wa neno zam la mabaharia wa Kiarabu waliokuwa wakivuka Bahari ya Hindi kwa pepo za kaskazi na kusi. Zam kwao ilikuwa muda wa saa tatu wa kuangalia chombo, hata usiku na mchana vikawa na zam nane. Lakini haikuwa muda peke yake. Ilikuwa pia kipimo cha njia: nahodha aliweza kusema kwamba bandari fulani iko zam kadhaa kutoka rasi fulani. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490, ni mmoja wa waliokieleza kipimo hiki.

Hapana shaka msomaji atauliza: chombo chenye upepo mzuri na chombo chenye upepo hafifu vitapita njia moja katika saa tatu? La, havitapita. Manahodha walilijua hilo, na kwa hiyo walikuwa na zam ya hesabu iliyofungamanishwa na nyota. Walipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa kipimo cha kidole, na katika hesabu za Ibn Majid duara zima lina vidole 224. Chombo kikienda moja kwa moja kaskazini au kusini, nyota ya kaskazini hupanda au hushuka, na ilihesabiwa kwamba zam nane zinalingana na kidole kimoja.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Duara lina digrii 360. Tukizigawanya kwa 224, twapata kidole kimoja kuwa digrii 1.6 hivi. Digrii moja juu ya uso wa dunia ni maili 60 za baharini, kwa hiyo kidole ni karibu maili 96. Tukigawanya kwa zam nane, zam moja inakuwa maili 12. Na kwa kuwa zam ni saa tatu, chombo kinachukuliwa kuwa kinakwenda maili 4 kwa saa, yaani karibu kilomita 7 na nusu. Ndiyo kasi inayofaa kabisa kwa jahazi lenye shehena.

Tazama basi jambo lililotokea. Maili 4 kwa saa tumezipata sisi kwa kugawanya. Katika kipimo chenyewe hazikutajwa, zimejificha. Aliyesema "zam kumi" alitaja muda, lakini msikilizaji wake aliijua kasi, na kwa sababu aliijua, aliupata umbali. Vivyo hivyo na "mwendo wa siku tatu": ndani yake mna mtu mwenye miguu yake, mzigo wake na mapumziko yake, ambaye msemaji na msikilizaji wote wawili wanamfahamu.

MSAFARA WA UJIJI

Tukiacha bahari tukapanda bara, twakuta desturi ile ile katika njia kuu ya misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Njia hii ina heshima yake kwetu, maana Kiswahili chenyewe kilipita humo, mdomoni mwa wafanyabiashara na wapagazi, kikavuka ziwa na kuingia Burundi na Kongo. Lugha yetu, kwa hiyo, ilitufikia kwa mwendo wa mpagazi.

Mwendo huo ulikuwa wa kasi gani? Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani pamoja na msafara wao mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858, yaani baada ya miezi saba na nusu, au karibu siku 230. Njia ya misafara ilikuwa na mapindo yake, lakini tukichukua urefu wa reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma kuwa makadirio, ni karibu kilomita 1,250. Gawanya kwa siku 230: tunapata kilomita 5 na nusu hivi kwa siku.

Mtu akiisoma nambari hii bila kufikiri atadhani kwamba wapagazi walikuwa wakitambaa. Mtu mzima hutembea kilomita tano kwa saa moja tu! Lakini nambari hii ni kasi ya wastani, nayo imemeza kila kitu: siku za maradhi, siku za kutafuta chakula na wapagazi, na kituo cha zaidi ya mwezi mmoja walichokaa Kaze, jirani na Tabora ya leo. Haituambii jinsi mguu ulivyokwenda katika saa yoyote ya safari. Yatuambia tu jinsi safari nzima ilivyokwenda. Reli ilipofika Kigoma mwezi wa Februari mwaka 1914, hesabu iligeuka kabisa: treni inayopata wastani wa kilomita 30 kwa saa, pamoja na kusimama kwake vituoni, huumaliza umbali huo kwa saa 42 hivi, chini ya siku mbili. Tangu hapo "mwendo wa siku mbili" haukuwa tena umbali mmoja kwa watu wote. Alipozidi msafiri mmoja kuwa na njia nyingi za kusafiri, kasi iliyokuwa imejificha ilibidi itajwe waziwazi.

WALIOLINGANISHA BILA KUGAWANYA

Tumesema kanuni ya kugawanya ilichelewa. Kwa nini ilichelewa, na hali Wayunani wa kale walikuwa mabingwa wa hisabati?

Si kwamba hawakuufikiri mwendo. Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alieleza vema nini maana ya kuwa mwepesi zaidi: ni kupita njia ndefu zaidi katika muda ule ule, au njia ile ile katika muda mfupi zaidi. Autolycus wa Pitane, katika karne ile ile ya nne, alieleza mwendo sawa kuwa ni kupita urefu sawa katika muda sawa. Maelezo haya ni sahihi mpaka leo. Lakini angalia: yote mawili yanalinganisha. Hakuna mahali panaposemwa kwamba mwendo huu ni tano au kumi.

Sababu yake ilikuwa kanuni ya hisabati yao. Katika kitabu cha tano cha Euclid, aliyeishi karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, uwiano ni jambo la vitu viwili vya jinsi moja. Urefu hulinganishwa na urefu, muda na muda. Ukiuliza dhiraa mbili zimo mara ngapi ndani ya dhiraa kumi, swali lina maana. Ukiuliza saa mbili zimo mara ngapi ndani ya dhiraa kumi, Myunani angekutazama kama mtu aliyeuliza mbuzi wangapi wamo ndani ya siku ya Ijumaa. Kugawanya njia kwa muda kulikuwa kuchanganya jinsi mbili zisizochanganyika.

Tusiwacheke. Mtoto wetu anayeandika "kilomita 60 kwa saa" bila kuona ajabu yoyote anafanya jambo ambalo Euclid hakuliruhusu. Na mwalimu anayeandika kanuni ubaoni bila kueleza kwa nini yafaa kugawanya vitu viwili visivyofanana anaruka hatua ambayo akili kubwa zilikwama mbele yake.

OXFORD NA PARIS

Hatua ya kwanza mbele ilipigwa katika karne ya 14. Katika chuo cha Merton, mjini Oxford, palikuwa na wanachuoni walioanza kuitazama kasi kama kitu chenye kiasi, kinachoweza kuzidi na kupungua kama vile joto linavyozidi na kupungua. Mmoja wao, William Heytesbury, aliandika mwaka 1335 juu ya kasi ya kitambo kimoja. Alisema kwamba kasi ya kitu katika kitambo fulani hupimwa kwa njia ambayo kitu hicho kingepita kama kingeendelea vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Hivi ndivyo tunavyoisoma mpaka leo saa ya kasi ya gari: mshale ukionyesha 80, haina maana kwamba tumekwisha kwenda kilomita 80, bali kwamba tungezipita katika saa moja kama dereva asingebadili mwendo.

Wanachuoni hao walithibitisha pia kanuni moja nzuri. Kitu kikianza kutoka kusimama, kikaongeza kasi kwa kiasi sawa mpaka mwisho, kitapita njia ile ile ambayo kingepita kwa nusu ya kasi ya mwisho tangu mwanzo. Baiskeli ikishuka mlimani kwa kuongeza kasi sawasawa kutoka sifuri hadi mita 10 kwa sekunde, katika sekunde 8 itapita mita 40, sawa na iliyokwenda mita 5 kwa sekunde muda wote. Mfaransa Nicole Oresme, katikati ya karne hiyo, aliieleza kanuni hii kwa mchoro: mstari wa kulala ni muda, mistari ya kusimama ni kasi, na eneo lililofungwa ndani yake ni njia iliyopitwa. Pembetatu ina eneo la nusu ya mstatili. Basi, jambo limekwisha. Mchoro wa aina hiyo bado unachorwa katika madaftari ya wanafunzi wetu.

Hata hivyo, watu hawa walikuwa wakihesabu kwa fikra. Hawakuwa na saa ya kupima sekunde, wala hawakutoka nje kupima jiwe linaloanguka.

KAMBA YENYE MAFUNDO

Waliotoka nje kupima walikuwa mabaharia, kwa kuwa kosa lao lilikuwa la kufa na kupona. Mwaka 1574 Mwingereza William Bourne alieleza katika kitabu chake cha ubaharia ufundi wa kibao na kamba. Kibao hutupwa majini nyuma ya merikebu, nacho hubaki karibu mahali pamoja huku merikebu ikienda zake na kamba ikifunguka. Baharia mmoja hushika chupa ya mchanga ya kupimia muda. Mchanga ukiisha, kamba hukamatwa, na urefu uliotoka hupimwa. Baadaye kamba zilifungwa mafundo kwa nafasi sawa, ili baharia ahesabu mafundo yaliyopita mkononi mwake. Kwa hiyo mpaka leo kasi ya meli hutajwa kwa mafundo.

Uzuri wa ufundi huu ni kwamba hesabu ya kugawanya imo ndani ya kamba yenyewe. Kamba za baadaye zilikuwa na nafasi ya futi 47 na inchi 3, yaani mita 14.4, kwa chupa ya sekunde 28. Gawanya 14.4 kwa 28: ni mita 0.514 kwa sekunde. Sasa chukua maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852, uigawanye kwa sekunde 3,600 za saa moja: ni mita 0.514 kwa sekunde. Baharia asiyejua kusoma aliihesabu kasi sawasawa kwa vidole vyake.

Lakini kamba ni kweli kama vipimo vyake ni kweli. Hapo kale nafasi ya mafundo ilikuwa futi 42 kwa nusu dakika, kwa sababu maili ilidhaniwa kuwa futi 5,000. Mwaka 1637 Richard Norwood, aliyekuwa amepima njia ya kutoka London hadi York ili ajue urefu wa digrii moja ya dunia, alionyesha kwamba maili ya baharini ni zaidi ya futi 6,100. Maana yake ni kwamba mafundo ya zamani yalikuwa karibukaribu mno: aliyehesabu maili 100 alikuwa amekwenda kama maili 82 tu. Hata baada ya kuambiwa hivyo, mabaharia wengi hawakutaka kuiacha kamba ya zamani, wakisema ni heri kudhani nchi kavu iko karibu kuliko kudhani iko mbali ukaipanda usiku. Kosa linalojulikana upande wake lina usalama kuliko kosa lisilojulikana.

MAJI YA GALILEO NA NURU YA RØMER

Mwaka uliofuata, 1638, kilichapishwa mjini Leiden kitabu cha mwisho cha Mtaliano Galileo Galilei, mzee aliyekuwa amefungiwa nyumbani kwake na kupofuka macho. Humo anaeleza jinsi alivyouchunguza mwendo wa kitu kinachoanguka. Kwa kuwa kuanguka ni kwepesi mno kupimwa, aliupunguza mwendo: alichonga mfereji laini katika ubao wa dhiraa kama 12, akauinamisha kidogo, akaviringisha humo kigololi cha shaba. Muda aliupima kwa maji. Pipa liliwekwa juu, maji yakatiririka kwa mrija mwembamba kuingia bilaurini muda wote wa mwendo wa kigololi, kisha yakapimwa uzito kwenye mizani. Uzito wa maji ulikuwa ndio saa yake. Akaona kwamba katika vipindi sawa vinavyofuatana kigololi hupita njia zinazokwenda kama 1, 3, 5, 7, na kuendelea. Kwa hiyo njia yote tangu mwanzo ni 1, 4, 9, 16. Huu ndio mchapuko, yaani kasi inayoongezeka sawasawa, nao sasa ulikuwa umepimwa kwa mkono.

Ajabu ni kwamba hata Galileo hakugawanya njia kwa muda. Kanuni zake zote zimeandikwa kwa mtindo wa Euclid, njia kwa njia na muda kwa muda.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa nuru. Mwaka 1676, mjini Paris, Mdenmark Ole Rømer alikuwa akichunguza mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii, uitwao Io, ambao kila mara huzama katika kivuli cha sayari yake na kuibuka. Aliona kwamba dunia inapokuwa inakwenda mbali na Mshtarii, matukio hayo huchelewa, inapokaribia, huwahi. Akatambua kwamba nuru nayo ina mwendo na huchukua muda kusafiri. Alikadiria kwamba huchukua dakika 22 kukata upana wote wa njia ya dunia kulizunguka jua. Leo twajua kwamba ni dakika 16 na sekunde 38 hivi. Lakini jambo kubwa alilipata. Na alipolipata, alisema nini? Alitaja muda, kama mtoto wetu wa darasani. Rømer hakuandika kasi ya nuru. Alisema, kwa namna ya kwetu, kwamba kutoka upande huu wa njia ya dunia hadi upande ule ni mwendo wa dakika 22 wa nuru. Aliyegawanya ni Mholanzi Christiaan Huygens, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1690, naye alipata zaidi ya kilomita 200,000 kwa sekunde kwa vipimo vyetu.

Ilibaki kuondoa kizuizi cha Euclid. Karibu na mwaka 1700 Mfaransa Pierre Varignon alianza kuiandika kasi kwa alama za hesabu mpya, kipande kidogo cha njia juu ya kipande kidogo cha muda. Akaeleza pia kwa nini yafaa: kinachogawanywa si njia yenyewe wala muda wenyewe, bali ni nambari zinazoviwakilisha, baada ya kila kimoja kupimwa kwa kipimo chake. Nambari na nambari ni jinsi moja. Ndipo mstari ule wa ubaoni ulipopata haki yake.

MAMBO MATATU YA DARASANI

Tukirudi darasani na historia hii mkononi, twaona makosa matatu ya wanafunzi ambayo si ya ujinga, ila ni ya lugha kutosemwa wazi.

La kwanza ni la wastani. Gari linakwenda kilomita 120 kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, kisha linarudi kwa kasi ya 40. Wastani ni ngapi? Karibu darasa zima litajibu 50. Lakini kwenda kumechukua saa 2 na kurudi saa 3. Njia yote ni kilomita 240 katika saa 5, kwa hiyo wastani ni 48. Gari limekaa muda mrefu zaidi katika mwendo wa polepole. Tukiwafundisha watoto kusema kwa ukamilifu "njia yote gawanya kwa muda wote", kosa hili litapungua.

La pili ni la mwelekeo. Mitumbwi miwili inaondoka Ujiji pamoja, kila mmoja kilomita 5 kwa saa, mmoja kuelekea kaskazini na mmoja kusini. Kasi yao ni moja, lakini baada ya saa mbili wako mbali kilomita 20. Hapana budi tuwe na jina la kasi iliyotajwa pamoja na upande inakoelekea. Sisi tutaiita kasimwelekeo. Mtumbwi ukienda kaskazini saa mbili na kurudi saa mbili, kasi yake ya wastani ni kilomita 5 kwa saa, lakini kasimwelekeo yake ya wastani ni sifuri, kwa kuwa umeishia pale ulipoanzia. Mvuvi aliyechoka mikono hatakubali kwamba hakufanya kitu, nasi tusimlazimishe. Tumweleze tu kwamba ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina neno lake.

La tatu ni la saa. Katika nchi zetu wako wanaohesabu saa tangu macheo, na wako wanaohesabu tangu usiku wa manane. Basi linaondoka saa 2 asubuhi, asema abiria. Linafika saa 14, yasema karatasi ya kituoni. Mwanafunzi hutoa 2 katika 14 akapata saa 12. Ikiwa njia ni kilomita 240, atasema kasi ni 20. Lakini saa 2 asubuhi ya abiria ni saa 8 ya karatasi. Muda ni saa 6, na kasi ni 40. Hesabu yake ya kugawanya haina kasoro. Kasoro ni kwamba alichukua nambari mbili za lugha mbili akazifanya za lugha moja. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana kazi ambayo mwalimu wa fizikia hawezi kumfanyia.

MITA YARUDI KWENYE ZAMU

Tumalizie na jambo lililotufurahisha kuliko yote. Kwa muda mrefu mita ilikuwa fimbo. Tangu mwaka 1889 mita ya mataifa ilikuwa urefu kati ya alama mbili katika fimbo ya platini iliyochanganywa na iridi, iliyohifadhiwa karibu na Paris, na watu waliipata kasi kwa kugawanya mita kwa sekunde. Kisha, mwaka 1983, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliigeuza hesabu. Kasi ya nuru ilipangwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, haipimwi tena. Na mita ikaelezwa kuwa njia inayopitwa na nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Hivi ndivyo ilivyo hata sasa.

Maana yake ni nini? Ni kwamba urefu leo huelezwa kwa muda, kwa sababu tumekubaliana msafiri mmoja ambaye mwendo wake haubadiliki. Mita ni mwendo wa nuru wa kitambo fulani. Ndivyo alivyofanya Ibn Majid na zam yake, na ndivyo walivyofanya wazee na siku zao tatu. Tofauti ni msafiri: jahazi hutegemea upepo, mpagazi hutegemea afya na chakula, na nuru katika utupu haimtegemei mtu.

Basi mtoto yule hakukosea. Jibu lake lilikuwa pungufu kwa neno moja. Siku nyingine mwanafunzi akituambia kwamba sokoni ni mwendo wa nusu saa, tusimwambie aketi. Tumwulize: mwendo wa nani? Akijibu kwamba ni wa mtu wa miguu, kilomita 5 kwa saa, na aendelee yeye mwenyewe ubaoni: nusu saa, kilomita 2 na nusu. Akijibu kwamba ni wa baiskeli, kilomita 12 kwa saa, ni kilomita 6. Darasa litaona kwamba muda ni ule ule na umbali ni tofauti, na kwamba kilichobadilika ndicho tunachokiita kasi. Hapo kanuni itakuwa imeandikwa na mtoto mwenyewe, kwa lugha aliyotoka nayo nyumbani.